Skrini Haina Pua

Saa saba na robo usiku, kitengo cha dharura, Kayole.
Taa ya tatu imekufa tangu Jumanne.
Benchi limejaa, sakafu imeanza kupokea waliochelewa.
Nina tableti iliyofungwa kwa plasta kwenye nguzo ya dripu,
magurudumu manne, moja lao bishi kama kitinda mimba,
na ndani ya kioo, Daktari Jelagat,
yuko jikoni kwake Ngong, leso begani,
nyuma yake saa ya ukutani inayokwenda mbele dakika tano.

"Nisogeze kulia," husema, nami humsukuma,
kri, kri, kri,
na wagonjwa hugeuka kumtazama
kana kwamba ameingia mtu mwenye viatu vipya.

Utepe mwekundu: ndani, sasa hivi.
Wa manjano: ngoja, ila nisikupoteze machoni.
Wa kijani: pole, ndugu yangu, kutakucha.
Tepe za rangi tatu mfukoni,
na jiji zima la kugawia.

Mama aliyekatwa kidole na bati
alikuwa akilia hadi madirisha yanaitikia.
Nikachomoa utepe wa manjano, nikainama.
"Subiri. Nirudishe nyuma. Yule wa mwisho, wa koti la kahawia."
"Amelala, daktari. Ni bawabu, katoka zamu."
"Hajalala. Hesabu pumzi zake."

Nikahesabu.
Thelathini na nane kwa dakika, fupi fupi,
na midomo rangi ya jivu.
Musembi, jina lake limeshonwa kifuani kwa uzi mweupe,
nami nilikuwa nimempita mara mbili,
mara moja nikamkanyaga kiatu
na kumwomba radhi.

"Anayelia," akasema Jelagat, tukishampeleka,
"ana pumzi ya kulilia."
Kisha akapiga mwayo, akakoroga chai yake.

Saa tisa kasoro, mvua.
Mvua ikija, mtandao huenda.
Kijana alimshusha dada yake kutoka pikipiki,
Kathambi, miaka kumi na tisa, tumbo linauma, anatapika,
mkononi mwa kaka chupa ya soda
aliyomnywesha njiani apate nguvu.
Kwenye kioo picha ilikatakata,
kifua chake hakikupanda wala hakikushuka.
"Anajibu... vizuri. Joto... kawaida.
Kijani... kwa sasa."

Nikainama kumfunga utepe.
Pumzi yake ikanigusa shavu:
ndizi zilizosahauliwa kikapuni,
na ile dawa ya kufutia rangi ya kucha.
Kitanda cha kumi na moja, mwaka wangu wa kwanza kazini.
Pua haijasahau.

"Daktari, ananukia matunda."

Jelagat ameganda, mdomo nusu wazi, kijiko hewani.
Sikungoja ayeyuke.
Nikaurudisha utepe wa kijani mfukoni,
nikamchoma kidole.
Mashine ikafikiri sekunde tano,
ikakataa kutaja namba:
sukari imepita hesabu yake.

Sauti ikarudi kabla ya uso:
"...umesema ananukia?"
"Ndiyo."
"Sasa unaongea na mimi kwa nini? Mwingize ndani!"

Alfajiri benchi limepungua.
Musembi yuko wodi ya juu, na oksijeni;
koti lake limebaki, limemshikia nafasi.
Kaka yake Kathambi ameketi kando yake,
ameikumbatia ile chupa, hajui aitupe wapi.

"Hapo," Jelagat akauliza, kwa sauti ya mtu anayeona haya,
"sasa hivi kunanukia nini?"

Nikamwambia: dawa ya kudekia.
Blanketi mbichi. Mandazi ya langoni.
Vumbi lililolowa, na soksi za watu wengi.

Akafumba macho.
"Endelea," akasema.

Betri asilimia nne.
Saa yake ukutani ilionyesha kumi na mbili kamili.
Kwetu zilikuwa zimebaki dakika tano.