Ukope wa Hilja

Machi, Tartu. Mto bado una ganda la barafu,
na mimi nina konzi ya kuvumwani
niliyoibandua juu ya ukuta wa makaburi.

Naitia kwenye faneli, juu ya chujio,
nawasha taa ya wati ishirini na tano.
Joto linashuka polepole, kama mdai asiye na haraka,
na waliomo hukimbilia chini, penye giza, penye unyevu,
chini kabisa, ambako nimewategea spiriti.
Sijisifu kwa hila hiyo.
Siku tatu. Kila nikipita nachungulia chupani:
vumbi, vumbi, kisha vumbi lenye miguu.

Utitiri, na kweli ni utitiri.
Na wale warukao kwa mkia,
wadogo kuliko nukta ya mwisho wa mstari huu.

Mweusi lazima kwanza aoshwe weusi wake:
tone la asidi ya maziwa, kioo chenye kishimo,
na joto la kiganja, si la moto.
Maido, mwanafunzi wangu, wa kwanza alimchemsha
akapata supu. Wa pili akamponda.
"Kwani sindano ina kosa gani?"
Sindano, kwa huyu, ni nguzo ya umeme.

Nikafungua kijaluba.
Ndani, njiti ya kiberiti, na nchani, kwa gundi,
ukope mmoja.
Si wangu. Ni wa Hilja Saarepuu,
aliyenifundisha kazi hii mwaka ule wa mkate wa foleni,
aliyeung'oa mbele yangu bila kupepesa
akasema, "Za kushoto huwa zimepinda vizuri zaidi."

Hilja tulimzika miaka kumi na mmoja iliyopita,
theluji ikitufika magotini.
Ukope wake ungali kazini.
Unamgeuza mdudu chali, unanyoosha mguu wa nne,
unausogeza wa tatu usiulalie,
taratibu, kama mtu amvishaye mtoto aliyelala.

Kisha gundi ya mgunga, tone dogo kuliko utakavyo.
Kifuniko usikiangushe bapa:
egemeza ukingo mmoja, kilaze mshazari,
hewa itoke yenyewe. Ukiharakisha
litabaki povu, na povu hilo litaishi kukushinda.

Imebaki karatasi:
mahali, tarehe, ukuta wa upande wa kaskazini,
jina la aliyekusanya. Wino usiofutika.
Bila hayo, Hilja alikuwa akisema, una maiti tu.

Namwachia Maido kiti. Anaiinamia hadubini,
anazungusha gurudumu mpaka ukungu unakatika.
Kimya.
Halafu: "Ana malaika.
Mwalimu, ana malaika kwenye magoti!"

Naam, nasema, nikifunga kijaluba.
Nami nilipiga kelele hapo hapo, kwenye magoti.