Ngazi Ipi

Fomu ina maswali kumi na mawili.
Nimepanda nayo Kadutu, imelowa jasho mfukoni,
kalamu mbili, moja haiandiki,
na jina moja: Nankafu, mbeba mizigo,
goti la kulia, mwezi wa sita tangu kisu.

Maumivu, kutoka sifuri hadi kumi?
"Kumi ni nini?"
Ni yale yasiyovumilika, mama.
Anachambua sambaza kwenye ungo, hainui macho.
"Basi sijawahi kufika. Hata siku ile,
gunia la muhogo, tope la Machi,
mguu ukabaki, mwili ukageuka,
nikasikia ndani kitu kikifyatuka kama uzi wa gunia,
hata siku ile nilifika juu.
Mzigo haukuwa wangu."
Na leo?
"Asubuhi, mbili. Ya jioni iulize jioni."

Naandika mbili.

Anasimulia bila kuulizwa, fomu haina nafasi ya hayo:
sindano ya mgongo, miguu ikawa ya mtu mwingine,
pazia la kijani, na nyuma yake kekee
ikilia kama kwa seremala wa Nyamugo.
"Walinyofoa kano nyuma ya paja,
wakalipitisha mfupani, wakalikaza kwa skrubu.
Kama unavyochana pindo la kitenge upate kamba.
Nikasema moyoni: kumbe nilikuwa na akiba,
na huku nimekopa."
Alikopa likelemba ya wabebaji kumi na mmoja.
Zamu yake ilikuwa ya mwisho, wakampa ya kwanza,
na mpaka leo hakuna aliyemkumbusha.
"Hapo," anasema, "labda andika kumi."

Swali la tano: Unaweza kupanda ngazi?
Visanduku vinne, kutoka bila shida hadi haiwezekani.
Ananitazama kwa mara ya kwanza.
"Ngazi ipi?"
Ya saruji pale parokia, yenye chuma cha kushikilia?
Ya matairi yaliyojazwa udongo?
Ile tunayoichonga kwa jembe kila kiangazi
na mvua ya Septemba inaishusha ziwani
pamoja na kuku wa watu?
Au hii uliyopanda wewe,
nikakusikia ukihema kabla sijakuona?
"Aliyeandika swali hilo," anasema,
"kwao ni tambarare."

Jirani anaingia, Zihindula, mpaka rangi,
hayumo kwenye orodha yangu, anataka kuhesabiwa.
Bega lake lilikuwa likichomoka hata akipiga chafya.
Wakalishona, wakamwambia: wiki sita, mkono ulale kifuani.
Wiki ya tatu ikatokea nyumba ya ghorofa Muhumba,
na mwenye nyumba hakuwa na subira, wala watoto wake na njaa.
Anainua mkono anionyeshe. Unafika sikioni, unagoma.
"Juu ya sikio ni dari, na dari nimemwachia mwanangu."
Anacheka peke yake.

La kumi na mbili:
Umerudi kwenye kazi yako ya awali?
Kwetu ofisini hili ndilo kubwa,
"ndiyo" zikizidi, tunapeana mikono.
Ukanda wa paji la uso umening'inia msumarini,
umekolea mafuta ya ngozi yake.
"Daktari alilipinda goti, akapima, mia na thelathini,
akafurahi kama mtoto. Nami nilifurahi, usifikiri vingine.
Halafu nikafika nyumbani, nikauona ule,
na sikuwa tena na sababu."

Ndiyo, naandika.
Kalamu ile ile nzuri, ghafla nayo inakwaruza.

Meli imefunga gatini, kuna vitunguu vya kupandisha.
Tunashuka pamoja, yeye mbele, ukanda begani,
goti jipya likitangulia kwenye kila jiwe.
Mimi nyuma, wa miaka ishirini na sita, nashika nyasi.
"Kanyaga hapa," anasema bila kugeuka.
"Sio hapo. Hapa."

La tano nimeliacha wazi.