Karani Birikani

Arubaini ya mama ilipopita, wageni wakarudi Faza na Siyu,
sufuria za kuazima zikarudi kwa wenyewe,
nyumba yetu ya Mkomani ikabaki na sauti moja:
tone, tone, katika birika la mawe chini ya ngazi
ambalo hatukuliogea tangu mfereji uje.

Mimi ni karani wa mapato. Mchana kutwa nahesabu
ushuru wa vibanda, wa punda, wa mchanga ushushwao gatini.
Hata kuswali, nilikuwa nikiswali kama apigaye risiti muhuri:
tano kwa siku, zimelipwa, faili lifungwe.

Usiku ule sikushuka kutafuta kitu.
Usingizi umenikataa, basi; nina taa ya simu mkononi.
Nikaketi juu ya mbuzi ya mama ya kukunia nazi,
meno nimeyageuzia ukutani,
nikajisemea: pumzi mia, kisha nilale.

Moja. Mbili.
Ya tatu ikaja na deni la mwashi.
Ya saba ikaja na Famau na ahadi zake.
Ya tisa mbu. Ya kumi punda wa jirani akalia
kilio kile cha mlango usiotiwa mafuta,
na hesabu ikanipotea, mimi,
karani wa miaka kumi na tisa.

Nikaanza tena moja.

Nikaanza moja usiku wa pili, na wa nane.
Mwezi mzima wa Rajabu sikufika kumi na tano.
Sikuona nuru; nasema mapema, maana watu huniuliza.
Niliona chokaa ikibanduka. Nilihisi mguu ukifa ganzi.
Nilimwona mama hospitalini akiomba maji
na mimi nikimwambia ngoja,
ngoja nimalize simu hii.
Hilo ndilo lililokuwa limesimama mlangoni siku zote
likingoja ninyamaze lipate kupita.
Nikalia kama punda yule.
Birika likanirudishia sauti yangu, halikuongeza neno.

Wifi yangu Mwanashee akanifuma alfajiri.
"Watenda ni hapo?"
"Nimeketi."
"Sala gani hiyo, haina rakaa?"
Sikuwa na jibu, na hata leo sina.
Akapanda juu, akashuka na shali,
akanitupia mabegani, akaenda zake kuchemsha chai.

Kisha usiku mmoja simu ilizima, nikabaki gizani,
na katika giza lile sikio likafunguka:
lile nililodhani ni tone halikuwa tone.
Ni vinywa. Samaki wadogo kama ukucha
aliowatia mama wale viluwiluwi vya mbu,
wakigusa uso wa maji, wakizama, wakigusa.
Miezi yote walikuwapo. Taa yangu ndiyo iliyowakimbiza.

Adhana ikapigwa. Nikatawadha kwa maji yao,
nikasimama, nikasoma kama nilivyozoea kusoma,
hata nilipofika pale pa kusema Wewe,
Wewe tu,
ulimi ukasita:
kwa mara ya kwanza nikahofu kwamba kuna anayesikia.

Asubuhi ile nilikosea hesabu ya mchanga
kwa shilingi mia nne. Nikalipa kwa mfuko wangu.

Bado naanza moja.