Uzito wa Mtu Hewani

Kondele, Jumapili, saa kumi. Mabati yanatatarika kwa joto.
Benchi sita, watu sitini, televisheni moja
iliyofungwa mnyororo kama mbwa mkali.
Mimi silipi. Mimi ni macho ya wasiosoma:
maandishi yakipita chini ya picha
nayadaka, nayageuza, nayarusha hadi benchi la nyuma.

Mzee wa nywele nyeupe akakanyaga ncha ya mwanzi,
mwanzi haukuinama.
Akavuka ziwa kwa hatua nne, kanzu kavu.

"Uongo!" Raburu akasimama, akaziba picha yote.
"Mtu ana uzito! Hata kuku ana uzito!"
Raburu huchomelea vyuma, anajua kitu kizito kinataka nini.
Anataka ngumi inayofika, jino linalong'oka,
mtu anayehema akishapiga watu kumi.
"Huyu hata jasho hana. Amefungwa kamba huyu.
Nionyesheni kamba, nirudishiwe ishirini yangu."

"Kaa chini," akasema Omuga.
Omuga hubeba magunia pale Kibuye,
ya viazi, ya omena, kilo tisini shingoni.
"Uzito unaniambia mimi?
Wiki nzima niko chini yake.
Nikitoa ishirini, sitaki tena kuonyeshwa gunia."

Stima ikapotea. Hakuna aliyetoka.
Walibishana gizani, kila mtu akijulikana kwa kikohozi chake.
Siprosa, mshika kopo la pesa mlangoni, akauliza
mbona yule mwanamke wa upanga mwembamba
aliruka juu kuliko wote
na bado wakamuua kabla ya nusu ya picha.
Hakujibiwa. Wakarudi kwenye kamba.

Ubishi ule ukahamia kwa kinyozi,
ukavuka barabara hadi kwa muuza miwa,
Jumatatu ukaamka nao.
Mke wa Raburu alilalamika: huyu mtu anaota,
anapiga mto ngumi, anasema "kamba, kamba."

Nilidhani wanabishania China.
Nilikuwa mtoto; sikujua
mtu anaweza kugombana na jirani mwaka mzima
akitetea tu ruhusa aliyojipa,
huyu ya kutodanganywa,
yule ya kudanganywa vizuri, kwa pesa yake mwenyewe.

Mwezi wa tatu Raburu akaanguka.
Jengo la Milimani, ghorofa ya tatu,
kifaa cha kuchomelea bado mkononi.
Tukamkuta wadi ya mifupa, kule wazee wanakoita Rasia,
mguu umening'inizwa kwa waya na jiwe.
Omuga akautazama ule waya. Akatazama dirisha.
Akaweka ndizi mezani.

Muda ukapita. Kisha Raburu:
"Ile picha ni mbaya."
"Mbaya vipi?"
"Yule mzee aliporuka kutoka paa la hekalu. Nilihesabu.
Alifika chini kwenye tisa.
Mimi sikufika hata mbili."

Omuga akacheka, kisha akaacha.

"Lakini pale juu ya mwanzi," Raburu akasema,
"pale alisema neno.
Aliyembeba mamaye mgongoni
hahesabu uzito wa upepo."
"Alisema," Omuga akakubali, mara ya kwanza tangu niwajue.

Nami nikawa namenya ndizi, polepole sana.
Mzee hakusema hivyo.
Maandishi yalipita mbio siku ile, nikaambulia neno moja,
upepo,
mengine nikayashona mwenyewe
kwa hofu ya magunzi ya mahindi kutoka benchi la nyuma.

Nikatafuna. Nikameza. Nikanyamaza.

Muuguzi alipokuja kutuambia tushushe sauti
walikuwa wameshafika mbali,
wakibishana kama mama yule, mgongoni,
alikuwa mzima au maiti.