Kokoto ya Kura

Katello Palomba alikufa Jumanne,
kucha zake zingali na vumbi la waridi
ambalo mwosha maiti alilisugua, likakataa.
Hakuacha wasia. Aliacha keekee tatu,
beseni lenye ufa, deni la umeme,
na tawi moja la marijani, refu kama kiganja,
jekundu kama ulimi wa mtu
aliyetaka kusema neno akaghairi.

Hapa Torre del Greco, mlima uko nyuma ya nyumba
na kuta ni mawe yaliyowahi kutiririka kama uji.
Mtaa mzima umekula marijani:
karo ni marijani, viatu vya komunio ni marijani,
hata jeneza la Katello
lililipiwa kwa herini za mtu asiyemjua.

"Tuligawe," alisema Aniello, fundi wa mitambo
aliyefika kwa treni ya usiku kutoka Genoa.
"Ukiligawa linakuwa shanga," alisema Ersilia,
na yeye peke yake ndiye aliyejua kuchonga.
Kahawa ikapoa. Nzi akatembea juu ya deni la umeme.

Ndipo Ortensia, mwalimu wa Kigiriki cha kale,
ambaye baba alimwita "yule wa makaratasi",
akauliza: "Mnajua tunagombania nini?"
"Korallo," alisema Aniello. "Usituletee shule."
"Wagiriki walisema korallion.
Wako wanaodai maana yake ni binti wa bahari.
Tamu. Tamu mno. Neno likinoga hivyo, litilie shaka.
Wengine wanavuka maji hadi kwa Waebrania:
goral, kijiwe, kokoto ya kupigia kura
watu wakigawana ardhi.
Hakuna mwenye hakika.
Neno hili halina cheti cha kuzaliwa."

(Nami niandikaye haya kwa lugha ya pwani nyingine
najipapasa mfukoni: nina marijani,
iliyokuja kwa ndimi za Waarabu, na kabla yao
huenda ilikuwa lulu, ikabadili rangi njiani
kama abadiliye jina kwa ajili ya ndoa.
Nina fedhaluka, ya shingoni.
Nina tumbawe, la ukutani, na humo
sikio langu husikia tumbo na jiwe,
ingawa sikio si shahidi.
Majina yote hayo kwa kiumbe
mdogo kuliko punje ya mtama,
asiyejua kwamba anaitwa,
anayejenga kaburi siku zote akidhani ni nyumba.)

Ersilia hakusema kitu.
Alifungua droo ya mabaki, akachambua,
akatoa vipande vitatu visivyozidi maharage,
kimoja kikiwa na doa jeupe.
Akavitia katika kofia ya baba,
kofia iliyonuka mafuta na jasho.

Ortensia akatoa: safi.
Aniello akatoa: doa.

Akakitazama kile kijiwe muda mrefu,
akakigeuza kama mtu anayetafuta bei.
Nje, pikipiki ilikataa kuwaka.
"Wewe umesema kura yenyewe ndiyo jina lake."
"Nimesema huenda."
"Basi huenda yanitosha."
Akakitia mfukoni, pamoja na tiketi ya kurudia,
tawi akaliacha pale lilipokuwa.

Deni la umeme waligawana kwa tatu, bila kura.
Hapo ndipo walipogombana kweli.

Ersilia hajalichonga mpaka leo.
Hulipangusa kwa kitambaa chenye maji,
hulisogeza kidogo apate nafasi ya kuweka sahani.
Juzi mtoto wa jirani alimuuliza ni nini hicho.
Alifungua kinywa,
akaona vumbi la waridi chini ya kucha zake mwenyewe,
akasema: "Bado hatujajua."