Ukumbi wa Wazimamoto

Dobrochna, mdogo wangu, lete kalamu.
Watu themanini. Futa kumi.
Mjomba Zenon abaki, ana nguruwe.

Ukumbi wa wazimamoto ni bure,
mradi tufagie, na gari lao jekundu
litolewe nje kabla sijaingia na shela.
Harufu ya dizeli haitoki. Tumejaribu siki,
tumejaribu sabuni ya lavenda.
Basi, itacheza nasi.

Gauni ni la Halina, aliyeachika.
Mama anasema lina mkosi. Mimi naona zipu
inayofunga, na hariri isiyodaiwa.
Viatu nitavaa vyeupe vya wodini;
nani atainama kuchungulia chini ya pindo?

Keki: shangazi watatu, oveni tatu,
na ugomvi mmoja kuhusu siagi.
Pete zote mbili zimetoka jino moja la babu,
ndiyo maana ni nyembamba hivi.
Babu anacheka, pengo wazi.

Mpiga akordioni anataka zloti mia nane.
Mkobani mna mia sita na kifungo cha koti.
Witold anasema tutamjazia viazi.
Mtu hujikuna ajipatapo.

Na king'ora kikilia usiku ule? unauliza.
Kikilia, nusu ya meza itatoka mbio,
Witold wangu mbele yao,
suti ya kuazima ndani ya koti la moto.

Andika hapo chini, baada ya mkate na chumvi:
sahani kumi na moja,
zifunikwe, zisipoe.