Mvua ya Maharagwe

Mvua mnayoisikia dakika ya sabini na mbili,
Nekesa juu ya paa, gauni jekundu limemganda mgongoni,
ni maharagwe.
Kilo mbili na nusu za rosekoko kutoka Marikiti,
nikiyamwaga polepole kwenye sinia la bati
katika chumba cha Ngara chenye magodoro ukutani.

Walipiga picha Januari, jua la kupasua mawe,
maji wakayakodi kwa zimamoto.
Pampu ikanguruma hata wimbo ukazama.
Ndipo wakanitafuta, Muthama wa Vishindo,
mtengeneza nyayo za watu wasio na nyayo.

Ule mwendo wa maringo kwenye ukumbi wa hoteli
ni mimi, mguu namba kumi,
vidole nimevikunja ndani ya viatu vya mke wangu
(mshono ulifumuka, bado nadaiwa).
Mfupa wa yule bwana unaovunjika ngazini: muwa.
Lile busu mlilolipigia mbinja
ni mdomo wangu na kiwiko changu.
Mnisamehe.

Sauti lakini ni yake.
Hapo mkono wangu haufiki.

Aliletwa Jumanne usiku kurekodi kilio.
Kofia ya sufi, homa puani, hana walinzi,
akaketi juu ya kreti la soda.
Akalia mara kumi na moja.
Zote kumi na moja alilia vizuri,
kilio kilichopigwa pasi.
Mkurugenzi kwenye simu: tena.
Tena, mama. Tena.

Halafu stima ikapotea, Ngara nzima,
ikabaki mbwa mmoja na mto.
Mashine yangu ina betri.
Taa yake nyekundu, jicho la panya,
hakuiona. Au aliiona.
Akaanza kuimba chinichini, si wimbo wa filamu,
ni wa kuhesabu vikombe, wa dada yake Naliaka,
enzi zile wakiosha vyombo bombani Kaloleni:

kimoja cha baba, kimoja cha mgeni,
kimoja kina ufa, kiweke pembeni

Alipofika hapo akashindwa.
Ikamtoka sauti ya mlango wa bati
unaoburutwa juu ya saruji.
Nimejaribu kuitengeneza tangu siku ile.
Nimejaribu kwa bati, kwa saruji, kwa mlango wenyewe.

Taa zilipowaka akanitazama.
"Futa."
Nikafuta, akiangalia kidole changu.
Akafuta kamasi, akalia mara ya kumi na mbili,
na hiyo ndiyo wakaichukua.

Sasa nyimbo zote kumi na tatu ziko mtaani.
Kinyozi wangu huzipiga toka anapofungua
hata nimezoea kunyolewa na mvua yangu mwenyewe.
Jana nikanunua tiketi, nikaketi safu ya nyuma.
Dakika ya sabini na mbili ukumbi ukanyamaza,
mama wa jirani akatafuta leso mkobani.
Nikafumba macho, maana mimi picha hunichanganya.

Kabla ya kilio pana pumzi.
Mkurugenzi alidhani ni pumzi.
Nami, niliyeisafisha sauti ile siku tatu,
nikipunguza mashine ya juisi ya jirani, nikipunguza mbwa,
nilidhani ni pumzi.
Jana, kwa spika kubwa zile, nikasikia:
pembeni.

Alikiweka. Mbele ya watu wote alikiweka,
na hakuna aliyeona kikombe.

Majina yakaanza kupanda, watu wakawasha simu,
wakatafuta jaketi.
Langu lilipita chini kabisa, baada ya wapishi,
wameandika Muthana.

Yale maharagwe tuliyala Jumapili.
Mke wangu alilalamika yamekataa kuiva,
makaa ya debe zima.
Nikamwambia yaache kidogo,
yamenyesha sana.